Jedwali la Undugu

Nilirudi Tarime kwa sababu ya kijana mmoja aliyezikwa bila jina. Sikuwahi kumwona. Alikuwa mchimbaji, aliangukiwa na udongo ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, wenzake wakambeba kwenye turubai hadi zahanati, na akafia mlangoni. Walipoulizwa anaitwa nani, wote walitaja jina la utani la machimboni. Walipoulizwa kwao ni wapi, mmoja alisema Singida, mwingine akasema Kahama. Simu yake ilikuwa imebaki chini, kwenye udongo ule ule.

Aliyenisimulia haya ni muuguzi mkuu wa ile zahanati, mama mmoja wa Kigoma aliyeletwa na kanisa baada ya dhahabu kuonekana kwenye kilima cha upande wetu. Watu walikuwa wamemiminika kutoka kila mkoa. Pale wenyeji walipokuwa wakilisha ng'ombe sasa palikuwa na vibanda vya turubai, makarasha ya kusagia mawe yakinguruma kutwa, na vumbi jeupe lililokaa hadi kwenye kope za watu. Hali ile waliiita rashi, na kila aliyesikia kuna rashi alifunga begi.

Mimi nilikuwa Mwanza, nikitengeneza mifumo ya kompyuta kwa ajili ya maduka ya dawa. Muuguzi huyo alipata namba yangu kwa padri mmoja aliyejua kwamba mimi ni mtoto wa Nyanungu, huko huko Tarime.

"Kaka," aliniambia kwenye simu, "nimezika mtu ambaye mama yake mpaka leo anajua yuko hai. Sitaki kuzika mwingine hivyo. Njoo unitengenezee kitu ambacho mtu akishaingia hapa mara moja, tunajua ni nani na tumpigie nani."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nilikuwa na sababu yangu pia. Bibi yangu alikuwa Nyanungu, peke yake, na macho yalikuwa yameanza kumwishia.

Nikisema Bibi, inabidi nieleze. Hakuwa mama wa baba yangu wala mama wa mama yangu. Alikuwa mjane aliyezaa mabinti watupu, na wote waliolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume kwetu huwa inapata njia. Alitoa ng'ombe wake mwenyewe akaoa msichana, na watoto wa msichana yule wakawa watoto wa nyumba ile, wakibeba jina la marehemu mume wake. Wenyewe tunaita nyumba ntobhu. Msichana aliyeolewa alikuwa mama yangu. Mtoto aliyezaliwa nilikuwa mimi tu. Mwanamume aliyechangia damu yangu hakuwa na neno pale nyumbani na hakuna aliyemtaja, na mimi nilikua bila kuona kwamba kuna kitu kinakosekana.

Nilipokuwa mdogo, bado sijaanza shule, dhahabu ilionekana kwingine, na rashi ya wakati huo ilileta wageni. Mmoja wa wageni hao alimpenda mama yangu, naye akampenda. Ninachokumbuka ni asubuhi. Mama amevaa gauni la kanisani katikati ya wiki, amesimama uwanjani, na Bibi amesimama mlangoni akinishika bega.

"Wewe nenda," Bibi alisema. "Sitakufunga kamba. Lakini mtoto ni wa ng'ombe zangu."

Mama hakubishana. Aliniangalia, akafunga kitambaa chake cha kichwa upya ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri, akaenda. Bibi aliniingiza ndani akanipa maziwa mgando. Tangu siku hiyo hatukumzungumzia. Nilisomeshwa, nilitibiwa, nilipendwa na mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kuniambia kwamba ananipenda, na nikajifunza kutouliza.

Basi nikafika zahanati na kompyuta yangu, nikapewa chumba cha kuhifadhia magodoro kiwe ofisi.

Kabla ya kuandika mfumo wowote unaofunguliwa kwenye mtandao, kuna kazi ambayo watumiaji hawaioni: kupanga kanzidata, yaani ghala la taarifa linalokaa nyuma ya zile kurasa. Unaamua ni vitu gani utavitunza, kila kitu kikae kwenye jedwali gani, na majedwali yashikane vipi. Ukikosea hapo, kurasa ziwe nzuri namna gani, mfumo utadanganya. Mimi kazi hiyo huwa naifanya kwa kalamu kwanza. Muuguzi mkuu alinipa karatasi za nyuma ya kalenda za zamani, tukazibandika ukutani.

Jedwali la kwanza lilikuwa la wagonjwa. Swali la kwanza lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia: huyu tutamjuaje kwamba ndiye yule wa juzi? Jina halifai, maana wachimbaji wengi walijiita majina ya utani na walibadilisha wakihama kilima. Namba ya simu haifai, maana laini moja ilitumiwa na watu wa kibanda kizima. Vitambulisho wengi hawakuwa navyo. Mwishowe tuliamua kila mtu apewe namba na mfumo wenyewe, namba isiyo na maana yoyote, ambayo haitabadilika hata abadilishe jina, simu au mkoa. Jedwali la pili lilikuwa la mahudhurio: kila mgonjwa akija, mstari mpya, ukishikizwa kwenye namba yake. Mgonjwa mmoja, mahudhurio mengi. La tatu dawa. Hayo yalienda vizuri.

Ndugu niliwaweka ndani ya jedwali la wagonjwa, kama nilivyozoea. Safu ya jina la baba, safu ya jina la mama, safu ya mtu wa kupigiwa simu.

"Na zote ziwe za lazima," alisema muuguzi mkuu. "Mtu asipojaza, mfumo ugome. Hapa kila mmoja anasema hana ndugu. Kila mtu ana ndugu."

Nilizifanya za lazima. Ilikuwa rahisi, neno moja kwenye kila safu.

Siku tulipoanza kuutumia nilikaa mapokezi, nyuma ya binti aliyekuwa akiandikisha, nione panapokwama. Asubuhi ilienda salama. Baadaye aliingia mama mzee, amembeba mtoto mgongoni, mtoto anachemka homa. Binti wa mapokezi alimwamkia shikamoo, akauliza jina la mtoto, akaandika. Akauliza jina la mama wa mtoto, akaandika.

"Baba?"

"Ni mimi," alisema yule mzee.

Binti alicheka kidogo. Alikuwa wa Morogoro, mgeni. "Hapana bibi, baba yake. Mwanamume."

"Hakuna mwanamume. Mama yake nimemwoa mimi."

Binti alijaribu kuruka ile safu. Mfumo ukagoma, maandishi mekundu yakatokea. Akajaribu tena. Foleni nyuma ilikuwa ndefu na mtoto alikuwa anaanza kulia. Akaandika *hajulikani*, mfumo ukakubali.

"Umeandika nini?" aliuliza yule mzee.

"Nimeandika baba hajulikani, bibi. Ili tuendelee, mtoto atibiwe."

Mzee alimshusha mtoto mgongoni akampakata. Hakupandisha sauti. "Hajulikani na nani? Mimi niko hapa. Nimetembea nimembeba. Unaandika kwamba huyu ni mtoto wa kuokotwa?"

Alinigeukia mimi, labda kwa kuwa sura yangu ilimwonyesha kwamba ni wa huko huko, akaniambia kwa Kikurya nimwambie yule msichana afute. Nilimjibu kwa Kikurya kwamba itafutwa. Nilisimama nikatoka nje, nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikakaa huko mpaka muuguzi mkuu akanifuata.

"Ni nini, fundi?"

"Nimezaliwa kwenye nyumba kama ile," nilisema. "Nimeandika mfumo ambao mimi mwenyewe usingenipokea."

Halafu akasema, "Basi utengeneze unaokupokea." Akarudi kwa wagonjwa wake.

Tulibandua zile karatasi. Nilifuta safu ya baba na safu ya mama. Badala ya jedwali la wagonjwa nikaweka jedwali la watu, kwa sababu mtu anaweza kuwa humo bila kuumwa, akiwa humo tu kwa kuwa ni wa fulani. Kisha nikaweka jedwali jipya katikati, nikaliita undugu. Kila mstari wake ulishika mtu mmoja, mtu mwingine, na ni nini kati yao. Mtu angeweza kuwa na mistari mingi kadiri ya watu alio nao duniani, au mmoja, na kila mstari ungeonyesha kama huyu apigiwe simu au asipigiwe.

Kilichotuchukua muda ni orodha ya aina za undugu. Muuguzi mkuu alikuja kila alipopata nafasi, mikono bado ina harufu ya dawa, akasimama mbele ya ukuta na kubishana nami. Aliyemzaa. Aliyemlea. Aliyemwoa. Mwenye nyumba, hilo nikalieleza kwa maneno yangu: aliyetoa ng'ombe. Mwenzake wa duara, kwa sababu kwa wachimbaji wengi huyo ndiye ndugu pekee aliye karibu.

"Na uweke tarehe ya kuanza na ya kuisha," alisema. "Watu huachana. Duara hufungwa, wenzake hutawanyika."

Nikaweka. "Na hii ya aliyemzaa?" nikamuuliza. "Nayo iwe na tarehe ya kuisha?"

Alifikiri. Alikuwa na watoto wake Kigoma kwa mama yake. "Hiyo haiishi," alisema. "Hata mkiachana haiishi." Nikaandika sharti kwamba mstari wa aliyemzaa haukubali tarehe ya mwisho.

Mfumo mpya unapojaribiwa unahitaji watu wa kuweka ndani. Huwa tunabuni watu. Safari hii nilichoka kubuni, nikaamua kuweka nyumba yangu. Nikajiandika mimi. Nikamwandika Bibi, nikamshikiza kwangu kwa mistari miwili, mwenye nyumba na aliyemlea. Nilipofika kwa aliyenizaa, nikaona sijui jina lake lote. Nilijua lile alilokuwa akiitwa nyumbani tu.

Nilimpigia Bibi. Simu ilipokelewa na jirani yake kama kawaida, akampelekea.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, jina la mama lote ni lipi?"

Nilisikia kuku upande wa pili, na mtu akipasua kuni.

"La nini?"

"La kazi yangu ya kompyuta."

"Kazi yako inamtafuta mama yako?"

"Hapana. Mimi ndiye nauliza."

Akalitaja. Majina mawili, polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Kisha akasema, "Yuko Mugumu. Ana cherehani kwenye baraza, karibu na soko. Mume wake amerudi na hii rashi yenu, wako huko muda."

"Ulijua?"

"Nilijua. Hukuuliza."

Sikumkasirikia. Niliikata simu kwa adabu, nikakaa kwenye kile chumba cha magodoro.

Jumamosi iliyofuata nilivuka Mto Mara nikaenda Mugumu. Nilibeba suruali mpya iliyokuwa ndefu, kwa sababu sikujua nitasimamaje mbele ya baraza lile bila kitu mkononi. Wanawake walioshona pale walikuwa watatu. Nilimtambua kwa namna alivyofunga kitambaa cha kichwa.

"Karibu," alisema bila kuinua macho. "Kupunguza?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Ivae pamoja na viatu, simama wima."

Alipiga goti mbele yangu akanipima. Alikunja kitambaa, akachomeka pini, akaniambia nigeuke, akachomeka nyingine. Nywele za pembeni ya kichwa chake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Nilimwona vidole, nikaviona ni vyangu, vya kati vimepinda kidogo. Alipomaliza alichana kipande cha karatasi cha kubandika kwenye suruali.

"Niandike nani?"

Nikamwambia jina langu, na jina la nyumba yetu.

Kalamu haikuandika. Alibaki amepiga goti, na mmoja wa wenzake akamuuliza kama mgongo umekamata tena. Akasema ndiyo. Akashika mguu wa meza akainuka, akaniambia, "Kaa hapo." Kulikuwa na kigoda. Nikakaa. Aliendelea kushona nguo ya mtu mwingine, mshono ukaenda kombo, akaufumua.

"Umekuwa mkubwa," alisema mwishowe, chini chini, cherehani ikifunika sauti.

"Ndiyo, mama."

"Usiniite hivyo hapa."

Akaniuliza kama nimesoma. Nikamweleza. Akauliza kama Bibi yu hai. Nikasema yu hai, macho yanaisha. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Kabla sijauliza langu hata moja, msichana wa shule alipanda barazani na mkoba wake. Alikuwa na paji la uso kama langu. Akampa mama ufunguo, akaniamkia.

"Huyu ni nani?" aliuliza, kwa uchangamfu tu wa watoto.

"Mteja," mama alisema. "Suruali yake ndefu."

Msichana alipokwenda, mama aliacha kukanyaga cherehani. "Hawajui," alisema. "Mume wangu anajua niliolewa na mwanamke, hilo hakuna asiyelijua. Nilimwambia sikupata mtoto kule. Alikuwa hataki kuchukua mwanamke aliyeacha mtoto nyuma, aliogopa nitakuwa narudi. Nikasema sina. Nilikuwa na umri wa yule uliyemwona, nimemzidi kidogo tu."

Nilisema kitu cha kijinga. Nilimweleza kuhusu zahanati, kwamba kila mtu anaandikwa pamoja na watu wake, ili akipata shida wapigiwe. Nilimwambia nilitaka namba yake ikae kwenye jina langu.

Akanitajia namba. Kisha akasema, "Niandike mama mdogo. Mama mdogo akipigiwa simu hakuna atakayeshangaa."

Kwenye orodha yetu mama mdogo hakuwemo. Niliporudi nikaongeza. Muuguzi mkuu aliona, akaniuliza ni ya nani, nikamwambia yote. Akanimiminia chai, akaweka sukari nyingi, akakaa nami hadi nilipoimaliza.

Sikukuu ilipofika nilikwenda Nyanungu. Nilikuwa nimebeba kompyuta, na Bibi alitaka kujua kazi gani hiyo inayoandika watu. Macho yake hayakuweza kusoma kioo, basi nikamsomea. Nikamsomea mstari wake wa kwanza, mwenye nyumba. Akakubali. Wa pili, aliyemlea. Akakubali pia, akapangusa pua.

"Na mama yako umemwandikaje?"

"Mama mdogo."

"Kwa nini?"

"Ndivyo alivyotaka."

Bibi alishika fimbo yake kama anayetaka kusimama, lakini hakusimama. "Mimi nilimnyima mtoto wake," alisema. "Ilikuwa haki yangu, wazee wote walisema ni haki yangu, na ningefanya hivyo tena kwa sababu nisingekuwa na mtu. Lakini sikumnyima jina la mama. Hilo sikulichukua. Andika mama."

Nikaandika, pale pale, kwenye jiko lake, huku moshi ukituingia machoni. Nilibadilisha mstari ukawa aliyemzaa. Nilisema moyoni kwamba ni jedwali tu, liko kwenye mfumo wa zahanati, nani atalisoma.

Mvua zilipoanza, malaria iliwaangusha wachimbaji, ikaniangusha na mimi. Nilianguka nikiwa kwenye kile chumba cha magodoro. Namna nilivyopelekwa wodini wanaijua wengine kuliko mimi. Binti wa mapokezi alifanya kazi yake sawasawa. Alifungua jina langu, akaona Bibi hana simu yake mwenyewe, akaona aliyemzaa, akapiga. Simu ilikuwa imeachwa nyumbani mezani. Akapokea mume.

"Tunaongea na familia ya mama fulani?" binti alimwambia. "Mwanawe amelazwa hapa kwetu, hali si nzuri."

"Mwanawe yupi?" yule mwanamume aliuliza, kwa sababu watoto wake wote walikuwa mbele yake wanakula. Na binti akataja jina langu na umri wangu.

Haya binti aliniambia baadaye akilia, na nilimwambia asilie, maana alisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa kweli.

Mama alikuja siku ya pili yake. Nilifumbua macho nikamwona amekaa kwenye ukingo wa kitanda na bakuli la uji. Amevaa khanga mbili na sweta la kiume. Mashavu yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Kunywa," alisema.

Nilikunywa. Alikuwa akipuliza kila kijiko. Mchana kutwa alikaa pale. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimwita mama yake fulani, wakitaja jina langu, naye aliitika. Alienda kuniletea maji, akanibadilishia shuka, akauliza muuguzi nipewe dawa saa ngapi. Jasho liliponitoka alinifuta shingo kwa khanga yake. Mzee mmoja aliyevunjika mguu alimwambia, "Kijana wako anafanana nawe," naye akasema, "Ndiyo, tangu mdogo." Nilifumba macho nikijifanya nimelala ili asiache kunifuta. Katika maisha yangu yote sijawahi kuwa na mchana kama ule, na homa yote ile sikutaka iishe.

Jua lilipoanza kushuka alikunja khanga, akaiweka kwenye kapu.

"Hakunipiga," alisema, kama vile nilikuwa nimemuuliza. "Si mtu wa kupiga. Alinyamaza tu tangu jana. Leo asubuhi akasema nije nikuone, nikae na wewe, halafu nikirudi nirudi moja kwa moja. Ama nisirudi."

"Kaa," nilimwambia. "Mama, kaa. Bibi mwenyewe amesema wewe ni mama yangu. Nyumba ipo."

Alinishika mkono, kidole kwa kidole.

"Watoto wangu wananisubiri," alisema.

Nadhani alilisikia neno lile mwenyewe baada ya kulitoa, kwa sababu uso wake ulisawijika. Lakini hakulirekebisha. Lingerekebishwaje? Akaniomba kitu kimoja, namba yake niitoe. Nikamuahidi. Akainama akaweka shavu lake kwenye paji la uso wangu, kupima joto au kuniaga, sikujua. Nikasikia miguu yake kwenye sakafu, na muuguzi mkuu akimwambia pale mlangoni, "Pole mama, asante kwa kuja." Nje pikipiki ikawaka.

Nilipopata nguvu nilifungua mfumo nikatoa namba. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Na mstari wenyewe?" aliuliza.

"Ule sijaambiwa niutoe."

Nikauacha, aliyemzaa, bila simu na bila anwani.

Dhahabu ya kilima kile haikukaa. Mwaka haujageuka, wachimbaji wakaanza kufungasha kwenda kwingine, makarasha yakapakiwa kwenye malori, na zahanati ikabaki na wenyeji peke yao. Mfumo ulifanya kazi yake. Kabla watu hawajatawanyika, familia kadhaa za mbali zilipigiwa simu kwa wakati, na mama mmoja wa Singida aliwahi kufika akamkuta mwanawe bado anaongea. Muuguzi mkuu alinipigia siku hiyo kunisimulia, nikiwa nimesharudi Mwanza.

Bibi alifariki wakati wa kuvuna mtama. Sikuwa na namba ya kupiga, na sikutaka kwenda nyumbani kwa mtu, basi nikaenda barazani Mugumu. Palikuwa na mafundi wawili. Waliniambia mwenzao alihama na familia yake, mume alisikia kuna rashi upande wa Mbeya. Hawakujua mahali hasa. Mmoja aliniuliza kama kuna nguo yangu amebaki nayo. Nikasema hapana.

Shangazi zangu, mabinti wa Bibi, walivuka mpaka na waume zao na wajukuu, uwanja ukajaa Kikurya cha pande zote mbili. Tulimzika ubavuni mwa mume wake. Wanawake walipokaa kwenye mkeka, shangazi mkubwa aliangalia waliokuwepo, akaniuliza mbele ya wote, "Sasa mama yako ameambiwa? Ama hajui?"

"Nimemtafuta, shangazi. Wamehama."

Nilidhani atamsema mama kwa kuiacha nyumba ile. Walikuwa na haki ya kusema. Alivuta khanga yake, akamwambia mdogo wake asogee, wakaniachia nafasi katikati yao, nami nikakaa.